Ishirini za Kwanza Hazitoshi: Namna ya Kulisoma Jedwali la Elementi

Kwa takriban miaka 11, tangu mwanzoni mwa 2014 hadi uchimbaji wa Kwale, pwani ya Kenya, ulipofikia kikomo mwishoni mwa 2024, mchanga mweusi wenye titaniamu ulibebwa kwa malori hadi Likoni, Mombasa, ukapakiwa melini na kusafirishwa ng'ambo. Upande wa pili wa kivuko, katika shule za kisiwani, wanafunzi wa sekondari walikuwa wakikariri kwa sauti moja majina ya elementi 20 za kwanza: hidrojeni, heliamu, lithiamu, na kuendelea hivyo hadi kalsiamu, ambapo sauti hukoma na daftari hufungwa. Titaniamu ni elementi ya 22. Wanafunzi wale waliachwa hatua mbili tu kabla ya kuufikia mzigo uliokuwa ukipita mbele ya macho yao.

Sisemi hivi ili kuwalaumu walimu, ambao wengi wao wana madarasa yaliyofurika na silabasi ambayo hawakuiandika wao. Elementi 20 za kwanza zina sababu ya kutangulizwa, kwa kuwa mpangilio wa elektroni zake ni mwepesi kuandika na mtihani huuliza hapo. Chuma, shaba na zinki hurudi baadaye katika masomo, lakini kila metali huja peke yake na tanuri lake, bila kurejeshwa kwenye nyumba yake katika jedwali. Hoja yangu ni kwamba tumelifundisha jedwali la elementi kama orodha, ilhali ni maandishi yenye sarufi. Aliyehifadhi orodha anayajua majina aliyofunzwa na hayazidi; aliyeielewa sarufi anaweza kusema neno la kweli kuhusu elementi ambayo hajawahi kuiona wala kulisikia jina lake. Mmoja amehifadhi majina ya mitaa ya Mombasa, na mwingine anaweza kutoka Makupa akafika Kongowea.

Tuanze na kisanduku kimoja, kile cha sodiamu. Ndani yake mna namba 11, herufi Na, na tarakimu 22.99. Namba 11 ni hesabu ya protoni zilizomo katika kiini cha atomi, na hiyo ndiyo nasaba ya elementi: ukiongeza protoni moja hupati sodiamu nyingine, bali unapata magnesiamu. Herufi Na huwatatiza wanafunzi wengi, kwa sababu hazifanani na jina. Zimetoka katika neno la Kilatini natrium, nalo linatokana na jina la kale la chumvi ambayo sisi huiita magadi, ile ile inayotiwa katika maharagwe ili yaive upesi, na ambayo kwa zaidi ya miaka mia moja imesafirishwa kwa reli kutoka Ziwa Magadi hadi bandari yetu. Jirani yake wa chini, potasiamu, ana herufi K kutoka kalium, linalotokana na neno la Kiarabu al-qali, yaani majivu ya mimea. Mwanafunzi wa Pwani akiambiwa kwamba Na ni magadi na K ni majivu, hana haja ya kuzikariri herufi hizo tena.

Tarakimu ya tatu ndiyo inayopotosha zaidi. Uzito wa atomi wa klorini huandikwa 35.5, na nimewahi kuulizwa na kijana mwerevu ile nusu ni nusu ya kitu gani. Si nusu ya chochote. Klorini ya asili ni mchanganyiko wa atomi za namna mbili, ambazo zote zina protoni 17 lakini hutofautiana kwa idadi ya neutroni, chembe za kiini zisizo na chaji: takriban robo tatu zina uzito wa 35 na robo moja ina uzito wa 37, na kisanduku kimeandikwa wastani wa halaiki nzima. Hakuna atomi hata moja ya klorini yenye uzito wa 35.5, kama vile inavyowezekana wastani wa watoto katika nyumba za mtaa kuwa wanne na nusu bila ya nyumba yoyote kuwa na nusu mtoto.

Uzito huo ndio uliotumiwa kupanga elementi katika karne ya 19, kabla ya mtu yeyote kujua kuwa kuna protoni, na kwa sehemu kubwa ulifaa. Pale ulipogoma ndipo pana funzo. Teluriamu ni nzito kuliko iodini, 127.6 kwa 126.9, hivyo kwa uzito ingepaswa kuja nyuma yake. Lakini iodini inafanana na klorini na bromini kwa kila tabia, na teluriamu inafanana na sulfuri. Dmitri Mendeleev, mwalimu wa kemia wa Saint Petersburg aliyechapisha jedwali lake mwaka wa 1869, alizitanguliza tabia mbele ya uzito na kuziweka elementi hizo mbili mahali zinapostahili, akiamini kwamba uzito ndio uliopimwa vibaya. Katika hilo la upimaji alikosea, ila katika mpangilio alikuwa sahihi. Mnamo 1913 kijana wa Kiingereza, Henry Moseley, alipima miali ya eksirei inayotolewa na elementi moja baada ya nyingine, akaonyesha kwamba kinachopanda hatua kwa hatua ni namba ya kiini, ambayo leo huitwa namba ya atomi, wala si uzito. Miaka miwili baadaye aliuawa vitani Gallipoli akiwa na umri wa miaka 27. Ninapoona mwanafunzi amechanganya namba ya atomi na uzito wa atomi katika mtihani, hukumbuka kwamba wakemia wenyewe walizichanganya kwa zaidi ya miaka 40, na kwamba kosa lile linastahili maelezo kuliko mstari mwekundu.

Sasa tuingie katika sarufi yenyewe. Kila mzungumzaji wa Kiswahili, hata asiyejua kusoma, ana ujuzi ambao mgeni huutafuta kwa miaka: ujuzi wa ngeli. Neno kishikwambi lilipozuka juzi juzi, hakuna aliyefunzwa wingi wake. Mara ya kwanza kulisikia, mtu alisema vishikwambi vimeharibika, kishikwambi changu, kile pale, na hakukosea hata mara moja, kwa sababu aliitambua ngeli na ngeli ikamwambia mengine yote. Safu wima za jedwali, ambazo huitwa makundi, ni ngeli za maumbile. Elementi zilizo katika safu moja hazifanani sura wala uzito, lakini zina upatanisho mmoja zinapokutana na nyingine.

Tazama safu ya kwanza kushoto: lithiamu, sodiamu, potasiamu, rubidiamu, sizi. Kila moja ina elektroni moja tu katika ganda lake la nje, yaani tabaka la elektroni lililo mbali zaidi na kiini, na huitoa bila kusita. Safu ya 17, karibu na ukingo wa kulia, ina florini, klorini, bromini na iodini, na kila moja imepungukiwa na elektroni moja. Kwa hiyo yeyote wa safu ya kwanza akikutana na yeyote wa safu ya 17 huungana mmoja kwa mmoja, iwe ni chumvi ya mezani, ambayo ni sodiamu na klorini, au ni kile kiungo cha potasiamu na iodini kinachotumika katika baadhi ya nchi kutia iodini katika chumvi. Mtu wa safu ya pili, kama magnesiamu au kalsiamu, ana elektroni mbili za kutoa, basi huhitaji klorini mbili. Huo ndio upatanisho, na mwanafunzi aliyeuelewa haandiki fomyula kwa kubahatisha.

Na kama ilivyo katika ngeli, pana maneno yenye umbo la ngeli moja na mwenendo wa nyingine. Kiboko na kifaru yameanza kwa ki-, lakini hatusemi kiboko kimekuja. Tunasema kiboko amekuja. Hidrojeni ni kiboko wa jedwali. Imewekwa juu ya lithiamu kwa sababu ina elektroni moja, lakini ni gesi, si metali laini ya kukatwa kwa kisu, na mara nyingi hushirikiana na wenzake kwa kugawana elektroni badala ya kuitoa. Ninatamani walimu wangelisema jambo hili waziwazi siku ya kwanza, kwa sababu mwanafunzi anayefikiri ataligundua mwenyewe, na asipoambiwa atadhani kasoro ni ya akili yake.

Ngeli ya maumbile ina jambo moja ambalo ngeli ya lugha haina, nalo ni mwelekeo. Ukishuka safu ya kwanza, elektroni ya nje huzidi kuwa mbali na kiini na kwa hiyo hutoka kwa urahisi zaidi: lithiamu hutokota majini kwa upole, sodiamu huyeyuka ikakimbia juu ya maji kama tone la samli kwenye kikaango cha moto, potasiamu huwaka papo hapo kwa mwali wa rangi ya zambarau. Ukishuka safu ya 17 mambo huwa kinyume, uchu wa kunyakua elektroni hupungua, na hali nayo hubadilika: florini na klorini ni gesi, bromini ni kimiminika, iodini ni yabisi. Tumeyaona majina hayo nyumbani bila kujua kwamba ni ndugu, florini katika dawa ya meno, klorini katika dawa ya maji, iodini katika chumvi na kwenye kidonda.

Yupo fundi Mombasa aliyeijua safu moja ya jedwali karne nyingi kabla jedwali halijachorwa, naye ni sonara. Dhahabu, fedha na shaba zimesimama wima katika safu ya 11, shaba juu, fedha katikati, dhahabu chini. Sonara wa Mji wa Kale anapotengeneza bangili ya karati 18, robo tatu yake huwa dhahabu na robo iliyobaki mara nyingi huwa fedha na shaba, na metali hizo tatu hukubaliana kwa sababu atomi zake hujipanga kwa mtindo mmoja zinapoganda. Anajua pia mwelekeo wa kushuka: shaba huota kutu ya kijani, fedha huwa nyeusi polepole, dhahabu haibadiliki. Pembeni mwa shaba, katika safu inayofuata, ipo zinki, na hizo mbili zikichanganywa hupatikana ile shaba ya njano ya njumu za milango. Mtoto wa sonara anayefeli kemia amenyimwa daraja la kutoka kwenye meza ya babake hadi kwenye ubao wa darasani, na daraja lenyewe ni karatasi iliyokwisha kubandikwa ukutani.

Kuhusu safu mlalo, Kiswahili kinatusaidia kwa njia nyingine. Baadhi ya maandishi huliita jedwali hili mfumo radidia, kutokana na kuradidi, yaani kurudia, na kwa maoni yangu hilo ndilo jina lililolenga shabaha. Tabia za elementi hurudi kila baada ya hatua kadhaa, kama vina vinavyorudi mwisho wa kila kipande cha shairi. Safu mlalo ya pili ina elementi 8 na ya tatu ina 8, mizani ile ile ya ukwapi na utao, ingawa kulingana huko ni kwa nasibu tu. John Newlands wa Uingereza aliuona urari huu wa nane katika miaka ya 1860, akaulinganisha na noti za muziki, na katika mkutano wa wakemia wa London mwaka wa 1866 akaulizwa kwa kejeli kama amejaribu kuzipanga elementi kwa alfabeti. Waliokuwa wakimcheka walikosea juu ya vina, ila yeye naye alikosea juu ya mizani, kwa maana alidhani tabia zitarudi kwenye kila elementi ya nane milele. Urefu wa mistari ya jedwali ni 2, 8, 8, 18, 18, 32, 32.

Kwa nini mizani hubadilika baada ya kalsiamu? Hapa ndipo mafunzo yetu yanapokata kamba mahali pabaya. Mwanafunzi huambiwa kwamba ganda la tatu la elektroni huchukua 8, na kwa elementi 20 za kwanza maelezo hayo yanatosha. Kwa kweli ganda la tatu lina nafasi ya elektroni 18. Likishapata 8, elektroni mbili zinazofuata hukaa kwanza katika ganda la nne, na hizo ndizo potasiamu na kalsiamu. Kisha, kuanzia skandiamu, ganda la tatu hufunguka tena na kupokea 10 zaidi. Ndiyo maana jedwali, lililokuwa na uwazi mkubwa katikati, hujaa ghafla kwa metali kumi, kutoka skandiamu hadi zinki. Chuma cha nondo zetu kimo humo, na zinki iliyopakwa juu ya mabati ili yasiliwe na hewa ya chumvi, na shaba ya nyaya za umeme, na titaniamu ya Kwale. Mwanafunzi aliyefunzwa kwamba ganda la tatu hujaa kwa 8 hawezi kueleza hata moja kati ya metali hizi, kwa kuwa kanuni aliyopewa inazikana. Ninaona ni afadhali kumwambia ukweli mapema kwa sentensi moja kuliko kumpa uongo mwepesi atakaolazimika kuufuta baadaye.

Turudi kwa titaniamu. Iko kichwani mwa safu ya 4, na chini yake ni zirkoniamu. Mchanga wa Kwale ulikuwa na madini ya zote mbili, ilimenaiti na rutaili za titaniamu, pamoja na zirkoni ya zirkoniamu. Sababu ya karibu ya kukutana kwao ni kwamba madini haya ni mazito na magumu, hivyo mvua na mawimbi hufagia mchanga mwepesi na kuyaacha. Lakini nyuma ya ugumu huo ipo safu, kwa kuwa zote mbili hutoa elektroni nne na kushikana na oksijeni kwa nguvu ambazo maji na hewa haviwezi kuzivunja kwa urahisi. Sehemu kubwa zaidi ya titaniamu duniani huishia kuwa poda nyeupe ya rangi za kupaka, kwa hiyo huenda ukuta mweupe unaoutazama sasa ulianza kama mchanga mweusi.

Chini ya zirkoniamu kulikuwa na kisanduku kitupu, namba 72, hadi mwaka wa 1923. Wakemia kadhaa walikuwa wakiitafuta elementi hiyo miongoni mwa metali adimu, kwa kudhani ni mwenzao. Katika maabara ya Niels Bohr huko Copenhagen, Dirk Coster na George de Hevesy walilisoma jedwali kwa safu: ikiwa 72 iko chini ya zirkoniamu, basi na itafutwe ndani ya zirkoni. Waliipata humo kwa eksirei, wakaiita hafniamu, kutokana na jina la Kilatini la mji ule. Imekuwa ikijificha ndani ya zirkoni zote, pamoja na ile iliyopakiwa Likoni, kwa sababu ndugu hao wawili wanafanana mno hata kuwatenganisha ni kazi ngumu mpaka leo. Mfano huu mmoja una thamani, kwangu, kuliko kurasa nyingi za mazoezi ya kujaza herufi.

Kushoto kwa safu hizi, kalsiamu ndiyo inayofunga hesabu yetu ya ishirini, na nayo hatuisomi hadi chini. Mombasa imejengwa kwa kalsiamu. Ngome ya Yesu, iliyojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, ni mawe ya matumbawe, ambayo ni kiungo cha kalsiamu, kaboni na oksijeni; chokaa ya nyumba za kale ni matumbawe yaliyochomwa hadi yakatoa hewa ya kaboni; saruji ya leo nayo huanza na mawe ya jamii hiyo. Chini ya kalsiamu kuna stronsiamu, na kwa kuwa ni ngeli moja, mdudu wa tumbawe anapojenga nyumba yake huchukua stronsiamu kidogo badala ya kalsiamu bila kutambua. Kiasi anachochukua hubadilika kulingana na joto la maji, hata wanasayansi huweza kukisia joto la bahari ya zamani kwa kupima uwiano wa elementi hizo mbili katika tumbawe. Ndani ya kuta za ngome ile pameandikwa habari za bahari, na kalamu iliyoziandika ni safu ya pili ya jedwali.

Kosa ambalo tumbawe hulifanya, mifupa yetu nayo hulifanya. Majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 yalipotawanya stronsiamu ya mnunurisho duniani, ilinyeshewa majanini, ikaingia katika maziwa, na kuanzia 1958 watafiti wa mji wa St. Louis, Marekani, walikusanya meno ya utotoni yaliyong'oka na kuikuta imo ndani. Aliyeijua safu hakuhitaji kungojea meno ili kuwa na hofu.

Hata hivyo, anayesoma kwa safu peke yake atapotea anapofika kwenye risasi, na hapa Mombasa hilo si jambo la nadharia. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mikindani, watu waliishi ukutani mwa kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu, na risasi ikaingia katika damu za watoto. Mwaka wa 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, na shauri likaendelea hadi Mahakama ya Juu. Risasi ni ya safu ya 14, safu ya kaboni, mbali na kalsiamu. Kwa nini basi mwili huichukua kama kalsiamu na kuiweka mifupani kwa miaka mingi? Kwa sababu elementi nzito zilizo mwishoni mwa safu ile hupenda kutoa elektroni mbili tu kati ya nne, na risasi ikishatoa mbili hubaki na chaji sawa na ya kalsiamu, huku ukubwa wake ukiwa hauko mbali na wa kalsiamu. Mwili wa mtoto unaojenga mifupa husoma chaji na ukubwa, hausomi safu. Msomaji wa jedwali hana budi kutazama mambo mawili kwa pamoja, yaani safu ipi na kina gani, kama mvuvi asiyeridhika kuujua mkondo bila kuujua mwamba ulio chini yake.

Pana mistari miwili chini kabisa iliyokatwa na kuwekwa kando, na wanafunzi wengi hudhani ni nyongeza isiyo na kazi. Imewekwa pale kwa ajili ya upana wa karatasi tu. Ikirejeshwa mahali pake, jedwali huwa na nguzo 32 na hakuna ukuta wa darasa utakaolitosha. Mstari wa juu kati ya hiyo miwili, ulioanzia lanthanamu, una metali zinazofanana kama vitoto vya pacha, na ndizo zinazotengeneza sumaku kali za spika, za mitambo ya upepo na za magari ya umeme. Kilima cha Mrima, Kwale, ambacho pia ni msitu wa kaya, yaani msitu mtakatifu wa wenyeji, kina metali hizo pamoja na niobiamu, na mabishano juu ya kuchimbwa kwake yamechukua miaka. Mwananchi atakayeulizwa maoni yake kuhusu kilima hicho anastahili kujua ni kitu gani hasa kinachotakiwa chini ya miti ile, na kwa sasa shule humpeleka hadi namba 20, ilhali lanthanamu ni ya 57.

Nguvu ya jedwali haikuwahi kuwa katika kukumbuka. Mendeleev alikuwa na elementi 63 tu, na alichokifanya kwa ujasiri ni kuacha nafasi tupu na kueleza wageni kabla hawajafika. Paul-Émile Lecoq de Boisbaudran wa Ufaransa alipoigundua galiamu mwaka wa 1875, alipima kwamba kila sentimita moja ya ujazo ina uzito wa gramu 4.7; Mendeleev, ambaye hakuwa ameiona metali hiyo kwa macho, akaandika kutoka Urusi kwamba jibu lapaswa kukaribia 5.9. Mfaransa akaisafisha sampuli yake, akapima tena, akapata 5.9. Galiamu huyeyuka kwenye joto la nyuzi 29.8, kwa hiyo kipande chake kikiachwa mezani Mombasa mchana wa Machi kitageuka kimiminika kivulini.

Mwalimu yeyote anaweza kulirudia jambo hilo bila maabara, kwa kipande cha karatasi na gundi. Afunike namba 35 kabla ya wanafunzi kuingia, kisha awaachie wazi klorini iliyo juu yake na iodini iliyo chini. Wachukue 35.5 na 126.9, wajumlishe, wagawanye kwa mbili, watapata 81.2. Wajiulize ikiwa iliyo juu ni gesi na iliyo chini ni yabisi, ya katikati itakuwa nini. Wajiulize itaungana na sodiamu ngapi, na itaungana na kalsiamu kwa kiasi gani. Waandike majibu yote ubaoni, wabishane, watie sahihi. Ndipo karatasi ibanduliwe: bromini, 79.9, kimiminika chekundu cha kahawia. Baada ya hapo mwalimu awaambie kwamba Antoine Balard aliipata mwaka wa 1826 katika maji machungu yanayobaki chumvi ikishaganda, kwenye viwanja vya chumvi vya pwani ya Montpellier, na kwamba maji ya namna hiyo hiyo hubaki kila msimu katika viwanja vya chumvi vya Gongoni, kaskazini mwa Malindi.